Waulize Mafundi: Ganda la .303 Linalokatika, Bolti Inayokwama na Kutu ya Usiku Mmoja

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani, Kanada na Uingereza, ambako raia anayeruhusiwa na sheria anaweza kununua bunduki za bolti (komeo la chuma linalosukumwa na kuvutwa kwa mkono kwa kila risasi) ambazo majeshi yaliziuza baada ya vita kuu mbili na kuzipigia shabaha. Mbili zimetoka nyumbani. Vipimo vya geji, vile vipande vya chuma vya kupimia nafasi ndani ya bunduki, tumeviacha katika inchi kwa kuwa geji zenyewe zimechongwa inchi.

Nina Lee-Enfield No. 4, bunduki ya .303 ya jeshi la Uingereza, ya mwaka 1943. Risasi mpya za dukani zinapiga vizuri. Nikijaza maganda yangu upya, mara ya tatu au ya nne ganda linakatika: sehemu ya chini inatoka na bolti, iliyobaki inang'ang'ania ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Je, bunduki imechoka? (Msomaji, Leeds)

Huenda ni nzima kabisa. Kinachochoka ni shaba, na anayeichosha ni kalibu yako ya kubania maganda.

Risasi ya .303 ina ukingo chini, na ukingo huo ndio unaoizuia isizame mbele. Nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na mahali ukingo unapoegemea ndiyo mafundi wanayoiita hedispesi. Kwa Lee-Enfield geji ya chini ni inchi 0.064, na ya mwisho ya jeshi ni 0.074. Bolti inatakiwa ifunge juu ya ile ya kwanza na igome kufunga juu ya ile ya pili. Sasa chukua kalipa upime ukingo wa ganda lako jipya. Tuseme umekuta 0.058, na bunduki yako iko 0.072. Ganda lina uhuru wa 0.014, kama theluthi moja ya milimita. Pini inapogonga fataki, kile kiwashio kidogo cha baruti chini ya ganda, inalisukuma ganda mbele. Baruti ikiwaka, kuta nyembamba za ganda zinavimba na kushikana na chemba, lakini sehemu ya chini ni nene, haivimbi, kwa hiyo inasukumwa nyuma mpaka ikutane na bolti. Shaba iliyo kati ya hizo mbili ndiyo inayovutwa. Tena kufuli za bolti ya Lee-Enfield ziko nyuma, si mbele kama za Mauser ya Kijerumani, hivyo bolti na bodi (mwili wa chuma unaoishika bolti) vinanyumbuka kidogo kwa kila mlipuko.

Kuna jambo la pili, na kwa kawaida ndilo kubwa zaidi. Chemba za kijeshi zilichongwa kwa ukarimu ili risasi yenye matope iingie na kutoka. Mlipuko wa kwanza tu unalisogeza bega la ganda, pale linapoanza kukonda kuelekea shingo, likaenda mbele na kukaa sawa na chemba. Ukilirudisha nyuma kwa kalibu inayobana ganda zima, mlipuko wa pili unalisogeza tena. Ni sawa na kukunja waya mahali pamoja, huku na huku.

Fanya hivi. Kwanza pima hedispesi. Toa pini na ukucha wa kung'olea ganda ili usihisi kitu kingine chochote isipokuwa geji, kisha shusha mkono wa bolti kwa ncha ya kidole. Ukitumia nguvu ya kiganja utaifunga hata juu ya geji inayopaswa kukataa, na utakuwa umejidanganya. Bolti ikifunga juu ya 0.074, No. 4 ina dawa yake: kichwa cha bolti hufunguliwa kwa kuzungushwa, navyo vilitengenezwa kwa namba 0, 1, 2 na 3, kila namba ikiwa ndefu kuliko iliyotangulia kwa takriban 0.003. Usiiamini namba iliyopigwa juu yake bila kupima, maana kichwa cha 2 kilichochakaa kinaweza kuwa kifupi kuliko cha 1 ambacho hakijatumika. Namba hizo ni za No. 4 na No. 5, vichwa vya bolti vya SMLE, Lee-Enfield ya zamani zaidi, havikupangwa hivyo.

Pili, ganda jipya linapopigwa mara ya kwanza, livishe kipete chembamba cha mpira, ile oringi ya bomba, juu kidogo ya ukingo. Kitalishikilia dhidi ya uso wa bolti, na upanuzi wote utatokea kwenye bega, ambako shaba inauvumilia. Kuanzia hapo bana shingo peke yake. Ganda litakaa kwa bega lake na ukingo hautakuwa na kazi tena. Maganda hayo yatumike kwenye bunduki hiyohiyo moja. Ukiyapeleka kwa nyingine huenda yasiingie.

Tatu, nyoosha klipu ya karatasi, pinda ncha yake milimita mbili, na upapase kuta za ndani ya kila ganda kuelekea chini. Ncha ikinasa kwenye mfereji kama sentimita moja juu ya ukingo, ganda hilo lipondeponde kwa koleo ulitupe. Kwa nje dalili huwa ni mstari mwembamba unaong'aa pahala hapohapo.

Kipande kilichobaki ndani ya chemba kina kifaa chake maalumu: unakiingiza kama risasi, unafunga bolti, unafungua, kinatoka kimevaa kipande kama pete. Bisibisi haina kazi humo. Mkwaruzo mmoja ndani ya chemba utashika shaba ya kila risasi mpaka mwisho wa maisha ya mtutu huo.

Na kwa kuwa unajaza mwenyewe: vichwa vya risasi vya .303 ni vya inchi 0.311 au 0.312, si 0.308. Ukitia 0.308 vitapita bila kushika mifuo, ile mistari inayojizungusha ndani ya mtutu, sawasawa, na utailaumu bunduki bure.

Mosin-Nagant 91/30 yangu, bunduki ya Kirusi, inafunguka kwa kupigwa na nyundo ya mpira baada ya risasi kumi hivi. Watu uwanjani wananiambia ndivyo zilivyo. Ni kweli? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Si kweli. Askari hakupewa nyundo.

Anza kwa kutafuta tatizo liko wapi. Bunduki ikiwa tupu, hakikisha kwa macho na kwa kidole, bonyeza triga kisha nyanyua mkono wa bolti. Ukiwa mzito hivyohivyo bila risasi, tatizo liko ndani ya bolti: grisi kavu kwenye springi, au ukwaruzo kwenye mteremko unaoikoki pini. Ukiwa mwepesi ikiwa tupu na mzito ikipigwa tu, tatizo ni chemba.

Mara nyingi ni chemba. Bunduki hizi zilihifadhiwa ghalani zikiwa zimepakwa grisi nzito ya nta, kosmolini, na mnunuzi husafisha kile anachokiona. Grisi inayobaki ndani ya chemba hulainika mtutu unapopata moto, ikawa gundi kati ya chuma na ganda. Wengi hulaumu rangi ya vanishi iliyo juu ya maganda ya chuma, na wakati mwingine wana haki, lakini safisheni kwanza ndipo mshtaki.

Toa bolti. Chukua brashi ya shaba ya shotgun ya .410, ifunge kwenye kipande cha mdeki (fimbo ya kusafishia mtutu), itie kwenye drili ya mkono iendayo polepole, uilowanishe kwa mafuta ya taa au roho ya rangi, kile kiyeyusho cha rangi. Izungushe ndani ya chemba nusu dakika, futa kwa kitambaa, rudia. Kitambaa kitatoka na rangi ya chai, halafu ya chai ya maziwa, halafu safi. Usiishie kwenye cha pili. Ukimaliza futa mpaka pakauke, kwa maana chemba haipigiwi ikiwa na mafuta: ganda lisiposhika kuta, mzigo wote unaangukia bolti.

Bolti yenyewe vua kwa mkono. Vuta kifundo cha nyuma, kizungushe kushoto kiachie, kichwa na reli ya kuunganisha vitateleza mbele. Kisha fungua kifundo kutoka kwenye pini. Loweka vyote kwenye mafuta ya taa. Wakati wa kurudisha, mfereji ulio nyuma ya pini ulingane na alama ya kwenye kifundo, halafu pima urefu wa ncha ya pini inayotokeza mbele, pini ikiwa imeachiwa: isipungue inchi 0.075 wala isizidi 0.095. Kile kifaa bapa cha Kirusi kilichokuja na bunduki kina meno mawili yaliyoandikwa 75 na 95 kwa kazi hiyohiyo. Ncha fupi itakupa fataki zisizowaka. Ndefu itatoboa fataki na kukurudishia gesi usoni, na ndiyo sababu miwani haivuliwi uwanjani hata ukipiga risasi moja tu.

Baada ya hayo yote piga kumi za shaba na kumi za chuma chenye vanishi, ukiacha mtutu upoe katikati. Zikikwama za chuma tu, umempata mwenye hatia.

Nilinunua bati la Kirusi la risasi 440, nikapiga 60 Jumamosi, nikasafisha kwa mafuta mazuri ya bunduki jioni ileile. Jumapili mtutu ulikuwa mwekundu. (Msomaji, Minneapolis)

Mafuta yako hayana kosa. Yaliwekwa juu ya chumvi.

Fataki za kijeshi za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikilipuka huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni jamaa ya karibu sana wa chumvi ya mezani. Mtu wa pwani anajua chumvi inavyofanya msimu wa mvua: inavuta unyevu hewani mpaka kopo linalowa. Ndani ya mtutu inafanya vivyo hivyo, na chuma kinapata kutu chini ya mafuta yako. Chumvi haiyeyuki katika mafuta, wala katika dawa ya kutoa shaba. Inayeyuka katika maji. Wapo wanaomimina dawa ya kusafishia vioo wakisema amonia inaua sumu ya fataki. Amonia haiui kitu hapo, kinachosaidia ni maji yaliyomo kwenye chupa.

Kwa hiyo maji, na yawe ya kuchemka ili chuma kipate moto kijikaushe chenyewe. Toa bolti. Simamisha bunduki mdomo wa mtutu ukiwa chini, ndani ya ndoo. Tia mpira mwembamba wenye faneli kwenye chemba ili maji yasiingie kwenye mbao, umimine lita moja taratibu. Jeshi la Uingereza lilikuwa na faneli yake kwa ajili ya kazi hii. Pitisha vitambaa vikavu vitatu au vinne, halafu kimoja chenye mafuta. Uso wa bolti na tundu la pini navyo vipate maji, maana gesi ya fataki huanzia hapo. Watu hukumbuka mtutu wakasahau bolti, na mwaka unaofuata wanakuta vishimo kuzunguka tundu la pini.

Kesho yake pitisha kitambaa kikavu. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia. Baada ya siku tatu, mara ya mwisho.

Kutu uliyoipata ni ya juujuu. Brashi ya shaba na mafuta, pitisha mara ishirini, itaondoka, ingawa mng'ao wa awali hautarudi wote. Usitumie msasa wala unga wa kusugulia.

Neno kuhusu vichwa vya risasi hizo: nyingi zina kiini cha chuma au vazi la nje la chuma. Viwanja vingi vya ndani hupitisha sumaku juu ya risasi na kukurudisha nyumbani. Piga simu kabla ya kubeba bati.

Nalima nje kidogo ya Tanga. Jembe limeibua maganda matatu ya risasi yenye kutu ya kijani. Moja lina kichwa bado. Nitajuaje ni ya Mjerumani au ya Mwingereza? (Msomaji, Tanga)

Lile lenye kichwa tuanze nalo. Liache ulipoliona, weka alama, umwarifu mwenyekiti wa kitongoji na polisi. Usilisugue, usilibane kwenye jiliwa, usimpe mtoto aende nalo shuleni. Miaka mia na zaidi ardhini haimaanishi fataki imekufa.

Yale matupu yaoshe kwa maji na mswaki laini, usiyang'arishe, halafu pima kwa rula ya milimita. Ganda la .303 lina urefu wa kama milimita 56, lina ukingo unaotokeza, na ukingo huo una upana wa karibu milimita 13.7. Chini utakuta herufi za kiwanda na alama ya mshale mpana wa serikali ya Uingereza. KF ni kiwanda cha Kirkee, India, na mahali pake ni hapo: jeshi lililoshuka Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914 lilitoka India.

Ganda la Mauser 98 ya Kijerumani halina ukingo unaotokeza. Lina mfereji kuzunguka, upana wa chini ni karibu milimita 12, urefu 57.

Ukipata ganda nene kama kidole gumba, urefu wa 60, lenye ukingo, mdomo wake ukipokea risasi ya milimita 11, hilo ndilo la thamani kwa mwanahistoria: ni la Mauser ya mfano wa 1871. Vita vilipoanza, askari wengi wa jeshi la ulinzi la Kijerumani walikuwa bado na bunduki hiyo. Ilitumia baruti nyeusi, na kila ukifyatua wingu la moshi lilimwonyesha adui ulipolala. Ndiyo sababu meli za kuvunja kizuizi cha Waingereza baharini zilisubiriwa kwa hamu. Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini mwa mji wenu, Aprili 1915. Ikapigwa mizinga na manowari ya Uingereza, HMS Hyacinth, ikazama kwenye maji mafupi. Risasi ziliopolewa, zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa. Nyingi hata hivyo zilikataa kuwaka vitani, na sasa unajua kwa nini: maji ya bahari yaliingia kwenye fataki.

Wasomaji wa upande wa Ruvuma wanaweza kukuta aina ya nne, isiyo na ukingo, urefu 58, mdomo mwembamba wa milimita 6.5. Hizo ni za Mauser-Vergueiro ya Kireno. Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, liliteka kambi ya Wareno pale Ngomano, na askari wake wakaacha bunduki zao za 1871 wakachukua hizo.

Lee-Enfield No. 4 yangu ya 1942, ya kiwanda cha Long Branch hapa Kanada, imekuja imepakwa grisi hadi kwenye mbao, na mbao ni nyeusi. Nataka kuipiga msasa na vanishi. Na je, nianze kwa kufungua kitako? (Msomaji, Calgary)

Msasa hapana, vanishi hapana. Mihuri ya ukaguzi iliyogandamizwa kwenye mbao ina kina cha karatasi mbili tu. Msasa unaifuta ndani ya dakika tano, na nusu ya thamani ya bunduki inaenda na vumbi hilo. Isitoshe, ukipunguza mbao pale zinapokutana na chuma, mtutu unapoteza mahali pa kuegemea.

Grisi itoke kwa joto. Zungushia mbao taulo kuukuu au magazeti, tia kwenye mfuko mweusi wa taka, anika juani au ndani ya gari siku ya joto. Grisi itatoka jasho na kunyonywa. Badilisha magazeti mara tatu au nne. Kwa baridi ya Calgary tumia kikaushio cha nywele, polepole, kitambaa mkononi. Mwishoni futa kwa roho ya rangi.

Kisha mafuta mabichi ya kitani, kama alivyofanya askari. Paka kwa kiganja, kidogo, sugua mpaka mkono upate joto, acha siku nzima, futa yaliyobaki. Mara tano kwa juma la kwanza, kisha mara moja kwa mwezi. Yanayouzwa kama "yaliyochemshwa" hukauka haraka, nayo si dhambi. Ila matambara: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa hupata moto chenyewe na kuwaka. Kitandaze nje kikauke, au kizamishe kwenye maji.

Kuhusu kitako: kwa No. 4 yako inawezekana. Lakini mwenye SMLE No. 1 Mk III asikiguse kabla ya kuondoa mbao ya mbele. Ile bolti ndefu iliyo ndani ya kitako ina ncha ya mraba inayoingia kwenye bamba lililo nyuma ya mbao ya mbele. Ukiizungusha mbao hiyo ikiwa mahali pake, ncha inageuka na kuipasua. Utasikia mlio mdogo, kama kijiti kikivunjwa. Ukiona SMLE yenye ufa nyuma ya mbao ya mbele, mtu fulani alifanya hivyo. Bisibisi nazo zichongwe zijaze mfereji wa skrubu kutoka ukingo mpaka ukingo. Skrubu iliyotafunwa ni jambo la kwanza ambalo mnunuzi hulitazama.

Mlinzi wa akiba kijijini kwetu alikuwa na Mark 4, ndiyo hiyo Lee-Enfield No. 4. Naweza kununua moja iliyostaafu niiweke sebuleni? (Msomaji, Nairobi)

Zile za askari wa akiba ni mali ya serikali, haziuzwi. Kenya mtu binafsi hawezi kushika bunduki bila kibali cha Bodi ya Leseni za Silaha, na urembo wa sebuleni haujawahi kuwa sababu. Tanzania ni hivyohivyo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ukirithi nyumba ukakuta bunduki ya marehemu juu ya dari, usiibebe kwenye gari kuipeleka kituoni. Waite polisi waje waichukue. Ila picha, vitabu vya mafunzo na vifungo vya sare vinakusanywa bila taabu.

Nina green card na nimeambiwa kuna leseni ya wakusanyaji ya dola 30. Nikienda kwenye maonyesho ya bunduki nitazame nini, na zipi nisizipige kabisa? (Msomaji, Louisville, Kentucky)

Leseni ipo, ya mkusanyaji wa silaha za kale, dola 30 kwa miaka mitatu, kuanzia umri wa miaka 21. Inahusu bunduki zilizotimiza miaka 50 zikiwa katika umbo lake la asili. Iliyokatwa mbao na kuwekewa darubini haihesabiwi kwa umri peke yake. Lazima uwe na buku la kuandika kila inayoingia na kutoka, na si ruhusa ya kufanya biashara. Sheria ya jimbo isome kando.

Mezani, omba ruhusa, fungua bolti, hakikisha ni tupu. Beba taa ndogo na risasi ya bandia isiyo na baruti wala fataki. Ingiza kichwa chake kwenye mdomo wa mtutu. Kikizama hadi kwenye shingo ya ganda, mdomo umeliwa, kwa kawaida na mideki ya askari waliosafisha kutokea mbele. Mtutu mweusi wenye mifuo mirefu unaweza kupiga vizuri kuliko mtutu unaong'aa wenye mdomo ulioliwa. Tazama Mosin kama mdomo haukukerezwa kwa ndani. Hiyo ni tiba ya karakana, si kasoro, ila bei ishuke.

Linganisha namba ya bolti na ya bodi. Bolti ngeni kwenye Lee-Enfield inaweza kuegemea kufuli moja tu kati ya mbili. Kwenye Mauser, jihadhari na M48 ya Yugoslavia: ni fupi kidogo kuliko 98 ya kawaida, na bolti zao hazibadilishani, hata muuzaji akiapa.

Zisizopigwa: Springfield 1903 yenye namba chini ya 800,000, na ya Rock Island chini ya 285,507, kwa kuwa chuma cha bodi hizo kilichomwa kwa kukadiria rangi kwa macho na nyingine ni tete kama kigae. Lee-Enfield yenye herufi DP, ya gwaride. Bunduki za mafunzo za Kijapani, ambazo mtutu hauna mifuo na bodi ni chuma cha kumimina. Zilikusudiwa risasi za kelele. Ross ya Kanada ya 1910, mpaka fundi anayeijua athibitishe bolti haikuunganishwa vibaya, kwa sababu ikiunganishwa vibaya hufunga bila kujifunga, na ikifyatuliwa inaruka nyuma kuelekea jichoni.

Kwa bunduki za Kijerumani za milimita 8 za tangu 1888, uliza kipenyo. Zile za mwanzo ni za kichwa cha risasi cha inchi 0.318, za baadaye 0.323. Viwanda vya Marekani huijaza "8mm Mauser" baruti hafifu kwa kuogopa mchanganyiko huo, kwa hiyo usishangae K98k yako, Mauser ya jeshi la Kijerumani, ikipiga kwa upole na chini ya alama.

No. 4 yangu inapiga juu ya shabaha kwa kiganja kizima yadi 100. Nifanye nini? (Msomaji, Bristol)

Kiganja kizima kinategemea unatumia tundu lipi la kilengeo cha nyuma. Lile kubwa la nyuma limewekwa kwa yadi 300, na kwa risasi ya Mk VII ya greni 174 inayotoka kwa futi 2,440 kwa sekunde, kupiga sentimita kadhaa juu katika yadi 100 ndiyo kazi yake. Nyanyua kilengeo cha nyuma, weka 200, upige tena risasi tano kwenye egemeo, mbao zikiegemea mfuko wa mchanga na si mtutu.

Ikibaki juu, badilisha bamba la kilengeo cha mbele liwe refu zaidi. Yalitengenezwa kwa hatua za inchi 0.015, na urefu umeandikwa ubavuni. Kati ya vilengeo viwili vya No. 4 kuna karibu inchi 28.7, hatua moja ya bamba inashusha risasi kama sentimita 4.8 katika yadi 100. Pima kundi lako, gawanya, agiza moja. Legeza skrubu ndogo ya mbele, sukuma bamba kwa kipande cha shaba, na kabla ya kulitoa chora mstari wa penseli kwenye egemeo lake, ili jipya likae palepale kushoto na kulia.